Mtoto wa Sinema na Jasho Lake

Na Mwandishi Wetu

Mwaka 1956 ulionyeshwa ulimwenguni mchezo wa sinema uliopigwa picha Kenya, ukaitwa "Odongo". Jina hilo si la bwana aliyeutengeneza mchezo, wala si la bibi mzuri aliyewekwa katika matangazo yake. Ni jina la mtoto. Wajaluo humwita Opio pacha atanguliaye kuzaliwa, na yule amfuataye humwita Odongo. Lakini mtoto aliyecheza sehemu hiyo alikuwa na jina jingine, jina la Kiswahili: Juma. Katika orodha ya wachezaji, ambamo watu wazima wameandikwa kwa majina yao mawili kama ilivyo desturi, yeye ameandikwa kwa neno hilo moja tu. Juma nani? Mwana wa nani? Mzaliwa wa kijiji gani? Orodha haisemi.

Pengine msomaji atasema kwamba jambo la jina moja ni dogo, na ya kwamba gazeti la Chama lina mambo makubwa zaidi ya kuandika. La hasha. Jina ni mwanzo wa haki za mfanyakazi. Asiyeandikwa jina lake kamili hana hati, asiye na hati hana dai, na asiye na dai hula kile anachotupiwa. Tunayaandika haya tukiwafikiria wazee na vijana wa Haneti, katika nyanda za Ugogo, mahali ambapo mtoto hujifunza kazi mapema na kucheza ngoma mapema, na ambapo leo mtu yeyote mwenye simu mkononi aweza kumpiga mtoto huyo picha ya kutembea na kuipeleka dunia nzima. Yaliyompata mtoto wa sinema wa miaka ya 1950 yatupasa tuyajue, ili yasimpate mtoto wetu leo.

WATOTO WAWILI

Katika mwaka huo huo wa 1956 ulionyeshwa mchezo mwingine ulioitwa "Safari", nao pia ulipigwa Kenya. Yote miwili ilikuwa ya kampuni moja ya London, Warwick Films, ya mabwana Irving Allen na Albert Broccoli. Katika "Safari" walicheza Victor Mature na Janet Leigh, watu mashuhuri sana wa Marekani wakati ule. Humo pia alikuwamo Juma, na humo pia sehemu yake ilikuwa ya mtoto aitwaye Odongo.

Hatuna budi kukumbuka hali ya Kenya wakati ule. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza hali ya hatari tangu Oktoba 1952, na hali hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1960. Maelfu kwa maelfu ya wananchi walikuwa kizuizini. Katika nchi hiyo iliyojaa nyaya za miiba, wenye sinema walikuja na mitambo yao wakapiga mchezo ambamo shujaa ni mwindaji mzungu, na adui ni Mau Mau. Mtoto wa Kiafrika aliwekwa upande wa mwindaji, awe mtumishi mwaminifu na mchangamfu. Hivyo mtoto alifanyishwa kazi mbili kwa mara moja: kazi ya kuigiza, na kazi ya kuushuhudia ukoloni kwamba ni mwema. Hakuulizwa kuhusu hiyo ya pili, na kwa umri wake asingeweza kuijibu.

Sasa tumtazame mtoto wa pili. Mwaka 1951 kampuni ya Ealing ya Uingereza ilipiga Kenya mchezo ulioitwa "Where No Vultures Fly", chini ya uongozi wa Harry Watt. Ni hadithi ya mlinzi wa wanyama wa porini, na mwana wa mlinzi huyo alichezwa na mtoto aliyezaliwa Swansea mwaka 1940, jina lake William Simons. Mwaka 1954 mchezo wa pili wa hadithi hiyo, "West of Zanzibar", ulitoka, naye Simons akaicheza tena sehemu yake. Katika orodha ya mchezo huo wa pili lipo pia jina Juma, neno moja, bila baba na bila ukoo.

Simons aliendelea na kazi yake. Alikua, akajifunza, akawa mchezaji mtu mzima. Tangu mwaka 1992 hadi 2010 Waingereza walimtazama katika televisheni akicheza sehemu ya polisi Alf Ventress katika mchezo ulioitwa "Heartbeat". Alipofariki dunia mwaka 2019 magazeti ya kwao yaliandika habari zake tangu utoto mpaka uzee, na safari zake za Afrika zilitajwa humo.

Hatumwonei kijicho Simons. Alifanya kazi yake vizuri na alistahili heshima aliyopewa. Tunachosema ni kwamba jua la Kenya liliwachoma watoto wote, na mtambo wa picha uliwatazama wote kwa jicho moja. Lakini karatasi za ofisini hazikuwatazama kwa jicho moja. Mmoja aliandikwa kama mtu mwenye kesho. Mwingine aliandikwa kama kitu kilichokutwa mahali pa kazi, mithili ya mti au mnyama aliyepita mbele ya mtambo.

KUIGIZA NI KAZI

Wako watu wanaodhani kwamba mtoto achezaye sinema anajifurahisha tu, na kwamba mwenye kujifurahisha hadai ujira. Mawazo haya hutokana na neno lenyewe la "mchezo". Yafaa basi tueleze kazi hiyo huendaje.

Mchezo wa sinema haupigwi picha kwa mfululizo kama tuuonavyo ukutani. Hupigwa vipande vipande, na kila kipande hurudiwa. Mtoto akikimbia kutoka hemani mpaka mtoni, atakimbia mara moja mtambo ukiwa mbali, atakimbia tena ukiwa karibu, na atakimbia mara ya tatu kwa sababu wingu limepita na mwanga umebadilika. Akilia, atalia tena. Akitakiwa kucheka kwa kumwona simba, atacheka pale ambapo simba hayupo. Kati ya kipande na kipande kuna kungoja, saa nzima au saa mbili, juani au chini ya taa kali, akiwa na nguo ile ile na nywele zile zile, maana akibadilika kidogo vipande havitaungana. Wafanyakazi wa mitambo hufika alfajiri ili wapate mwanga wa asubuhi, na mtoto hufika pamoja nao.

Mtu mzima akifanya hayo tunasema amefanya kazi. Je, mtoto akifanya yale yale, mahali pale pale, kwa faida ya kampuni ile ile, tutaiita nini? Ni kazi. Tena ni kazi yenye shida ambayo haipo katika kazi nyingine: haina mwendo mrefu. Fundi mwashi kila mwaka uendapo huzidi kuijua kazi yake na thamani yake hupanda. Mtoto wa sinema kila mwaka uendapo huikaribia siku ya kufukuzwa, maana wenye sinema wanautaka udogo wake, na udogo haukai. Sauti ikivunjika na miguu ikirefuka, mkataba umekwisha. Basi anachokipata katika miaka hiyo michache ndicho cha kumwanzishia maisha. Kikiliwa na wengine, atakuwa ameuza utoto wake bure.

AZIMIO LILIVYOPINDULIWA

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha jambo moja ambalo kila mwanachama analijua. Katika nchi ya wafanyakazi na wakulima, kila awezaye kufanya kazi hufanya kazi, wala hapana mtu mwenye haki ya kuishi kwa jasho la mwenziwe isipokuwa wale wasioweza: watoto wadogo, wazee na vilema. Yaani mtoto mdogo ni miongoni mwa wale wachache wenye haki ya kulishwa kwa jasho la wengine. Hiyo si hisani, ni haki yake.

Sinema ya mabepari iliipindua kanuni hiyo juu chini. Humo mtoto mdogo ndiye aliyetoka jasho, na wakubwa wenye nguvu zao ndio waliolishwa.

Mfano mashuhuri kuliko yote ulitokea Marekani kwenyewe. Mtoto Jackie Coogan, aliyezaliwa mwaka 1914, alicheza pamoja na Charlie Chaplin katika "The Kid", mchezo uliotoka mwaka 1921. Akawa mtoto maarufu kuliko watoto wote wa dunia, na inakadiriwa kwamba katika utoto wake alichuma dola milioni tatu hadi nne, fedha nyingi mno kwa zama zile. Baba yake alikufa katika ajali ya gari mwaka 1935. Mwaka huo huo Coogan alitimiza miaka 21, akaenda kudai fedha zake. Akaambiwa kwamba hana fedha. Kwa sheria ya jimbo la California wakati ule, mshahara wa mtoto ulikuwa mali ya wazazi wake, na mama yake pamoja na baba wa kambo walikuwa wameutumia. Mwaka 1938 kijana huyo alimshitaki mama yake mzazi mahakamani. Baada ya mashauri na gharama zote alipata kiasi cha dola 126,000.

Aibu ya kesi ile iliwafanya watunga sheria wa California wapitishe mwaka 1939 sheria iliyoitwa kwa jina lake, ya kuamuru sehemu ya mapato ya mtoto mchezaji iwekwe akiba mpaka atakapokuwa mtu mzima. Sheria ile ilikuwa na matundu mengi, kwa sababu iligusa tu mikataba iliyopelekwa mahakamani. Ilichukua miaka 60 na zaidi kuyaziba: ni tangu mwaka 2000 ndipo sheria ya California iliposema waziwazi kwamba mapato ya mtoto mchezaji ni mali ya mtoto mwenyewe, na kwamba asilimia 15 yawekwe katika akaunti isiyoguswa. Uingereza nayo iliweka katika sheria yake ya watoto ya mwaka 1963 utaratibu wa vibali kwa watoto wanaocheza michezo ya kulipwa.

Tuyatie maanani haya. Coogan alikuwa na jina, alikuwa na utajiri, alikuwa na mawakili, alikuwa raia wa nchi yenye nguvu. Na bado alinyang'anywa karibu vyote. Je, mtoto wa Kiafrika wa mwaka 1956, aliyeandikwa kwa neno moja, chini ya serikali isiyokuwa yake, angemshitaki nani, na katika mahakama gani?

SEHEMU KAMA KIFUNGO

Unyonyaji wa fedha si unyonyaji pekee. Uko na unyonyaji wa utu, nao huanza pale mchezaji anapopewa sehemu moja tu maisha yake yote.

Mtoto Sabu alizaliwa Mysore, Bara Hindi, mwaka 1924, mwana wa mchunga ndovu. Waingereza waliokuja kupiga picha walimwona, wakamtia katika mchezo wa "Elephant Boy" uliotoka mwaka 1937. Naye pia aliandikwa kwa neno moja tu: Sabu. Alipelekwa Uingereza, kisha Marekani, akacheza katika "The Thief of Bagdad" mwaka 1940 na "Jungle Book" mwaka 1942. Mwaka 1944 alipata uraia wa Marekani, na wakati wa vita alitumika katika ndege za jeshi la nchi hiyo. Aliporudi alikuwa mwanaume kamili, askari aliyeona vita. Lakini wenye sinema waliendelea kumtaka avae kitambaa kiunoni na kusema na wanyama. Walimjua kama mtoto wa msituni, hawakutaka kumjua kama mtu. Alifariki mwaka 1963, akiwa na miaka 39 tu.

Hapo ndipo tunaona kwamba neno moja la jina halikuwa bahati mbaya. Ilikuwa desturi. Mtoto wa makoloni alitakiwa aonekane kama aliyeota porini, asiye na baba, asiye na shule, asiye na mji. Na jina kamili lingeiharibu hadithi hiyo, kwa kuwa jina kamili humrudisha mtu kwa watu wake.

MFANO WA KAWAWA

Mtu aweza kusema: basi sinema yenyewe ni mbaya, tuwakataze watoto wetu wasiikaribie. Sisi hatusemi hivyo. Historia ya nchi yetu yatukataza.

Ndugu Rashidi Mfaume Kawawa, kabla hajawa kiongozi wa taifa, alikuwa mchezaji wa sinema. Mwaka 1952 alicheza sehemu kuu katika "Muhogo Mchungu", mojawapo ya michezo ya kwanza ya Kiswahili iliyopigwa Tanganyika, na watu wengi walilijua uso wake kabla hawajalijua jina lake la siasa. Sinema haikumharibu. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa mtu mzima, mwenye kazi yake serikalini, na juu ya yote alikuwa mtu wa umoja wa wafanyakazi. Aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa Serikali, na mwaka 1955 lilipoundwa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, yeye alikuwa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Alifariki tarehe 31 Desemba 2009, na wananchi walimzika kwa jina la Simba wa Vita.

Tukimweka Kawawa mbele ya mtambo wa picha, na mtoto Juma mbele ya mtambo kama huo, tofauti haimo katika kipaji. Mmoja alisimama pale akiwa na umoja nyuma yake, na sauti ya kusema "hapana" asipopendezwa. Mtoto hana umoja wala hana sauti ya mkataba. Kwa hiyo umoja wake lazima uwe sisi: wazazi, Chama, vyama vya wafanyakazi na Serikali.

TELEVISHENI IMEKUJA, KAZI IMEONGEZEKA

Zama za Juma hapakuwa na televisheni katika Afrika Mashariki. Kenya iliipata mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, Zanzibar katika miaka ya 1970, na Tanzania Bara haikuipata mpaka mwaka 1994. Televisheni ilipofika, michezo ya kuigiza ya Kiswahili ilifika nayo, na watoto wakahitajika. Maana hapana hadithi ya nyumba isiyo na mtoto ndani yake. Elizabeth Michael, tumjuaye kwa jina la Lulu, alianza kuonekana akiwa mtoto mdogo katika michezo ya kundi la Kaole iliyoonyeshwa na ITV. Wengi wamemfuata.

Nchi jirani ya Uganda ilitoa mfano wa kutia moyo mwaka 2016. Mchezo wa "Queen of Katwe", ulioongozwa na Mira Nair kwa kampuni ya Disney, ulisimulia habari za Phiona Mutesi, msichana wa Katwe aliyeshinda katika sataranji. Sehemu ya Phiona ilichezwa na Madina Nalwanga, msichana wa Kampala aliyepatikana katika darasa la ngoma. Jina lake liliandikwa kamili, Madina na Nalwanga, pamoja na majina ya David Oyelowo na Lupita Nyong'o. Kati ya mwaka 1956 na mwaka 2016 ni miaka 60. Imetuchukua muda huo wote kutoka neno moja mpaka maneno mawili.

SHERIA TUNAYO, LAKINI

Nchi yetu haikosi sheria. Katiba yasema kwamba kila mtu anastahili ujira unaolingana na kazi yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 14. Imeruhusu kazi nyepesi tu, isiyodhuru afya ya mtoto wala kumzuia shule. Imekataza mtoto kufanyishwa kazi usiku, tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Na imeagiza alipwe ujira wa haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua waigizaji kuwa na haki katika maigizo yao yaliyorekodiwa.

Lakini liko tundu, nasi hatuoni haya kulionyesha. Sheria yakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Wenye michezo nao wanahitaji mtoto wa miaka sita. Basi hufanywaje? Kazi haiitwi kazi. Husemwa kwamba mtoto "amekuja kusaidia", kwamba ni "mtoto wa dada", kwamba "anapenda mwenyewe". Hapandi katika karatasi yoyote, na jioni hupewa soda na mama yake hupewa nauli. Kwa njia hiyo sheria iliyotungwa kumlinda mtoto humwacha nje ya mlango, kwa kuwa katika macho ya sheria hakufanya kazi kabisa. Wenye kuhesabu faida wanajua vizuri kwamba alifanya.

Mkataba Namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1998, umelifikiria jambo hili. Unaruhusu mtoto wa chini ya umri wa kazi ashiriki katika maonyesho ya sanaa, lakini kwa kibali cha mamlaka, kwa kila mtoto peke yake, baada ya kuzungumza na vyama vya waajiri na vya wafanyakazi. Na kibali hicho lazima kitaje saa za kazi na masharti yake. Huo ndio ufunguo. Usiifiche kazi ya mtoto. Iandike, kisha iwekee mipaka.

HANETI NA JIWE LA KIJANI

Wananchi wa Haneti, katika Wilaya ya Chamwino, wanalijua somo hili kwa njia nyingine. Katika kilima chao hupatikana jiwe zuri la kijani liitwalo krisoprasi, ambalo rangi yake hutokana na madini ya nikeli. Jiwe likiwa ardhini, halina bei kubwa. Likikatwa na kung'arishwa mbali, likatiwa katika pete, bei yake hupanda mara nyingi; na avaaye pete hajui habari za mchimbaji. Kila mwenye akili anajua swali la kuuliza hapo: katika kupanda kwa bei hiyo, aliyechimba alipata nini?

Basi kipaji cha mtoto nacho ni mali iliyomo katika ardhi yetu. Wagogo wamejulikana mbali kwa ngoma zao na kwa zeze na marimba zao. Hukwe Zawose, mwana wa mkoa huu wa Dodoma, aliupeleka muziki huo mpaka Ulaya kabla ya kufariki mwaka 2003. Mtoto anayekua kati ya sauti hizo ana sikio, ana mwendo, ana uso usioogopa watu. Mwenye mtambo akija, hatapata shida ya kumwona mtoto anayefaa. Lakini mtoto si jiwe. Jiwe halichoki, halikosi shule, halina mama, wala halitauliza miaka 20 baadaye: jasho langu lilikwenda wapi?

Wala tusiseme kwamba mtoto wetu amezoea kazi kwa kuwa huchunga ng'ombe na kufukuza ndege shambani. Kuchunga ng'ombe wa baba yake chini ya macho ya jamaa zake ni sehemu ya malezi, maadamu hakumnyimi shule. Na ng'ombe wale ndio watakaomwozesha kesho. Kufanya kazi mbele ya mtambo wa tajiri ni jambo jingine. Faida yake haibaki zizini.

Kwa hiyo, mtu yeyote akifika kijijini, awe wa mjini au wa ng'ambo, awe na mtambo mkubwa au simu tu, akataka watoto waigize au wacheze ngoma ili auze picha zao, yafaa Serikali ya kijiji, tawi la Chama na wazazi wamwulize mambo matano, tena mbele ya watu.

Kwanza, jina. Jina kamili la mtoto, na la mzazi wake, yaandikwe katika mkataba, na la mtoto lionekane katika orodha ya wachezaji.

Pili, lugha. Mkataba uwe wa Kiswahili, usomwe kwa sauti, na mzazi abaki na nakala yake.

Tatu, saa. Kazi isimtoe mtoto darasani, isiingie usiku, na mzazi au mlezi awepo tangu mwanzo hadi mwisho, alipwe posho yake mbali na ujira wa mtoto.

Nne, fedha. Ujira ni mali ya mtoto. Sehemu yake iwekwe benki kwa jina lake mpaka awe mtu mzima. Na mzazi atakayeitumia ajue kwamba ametumia mali isiyo yake.

Tano, maana ya mchezo. Wazazi waelezwe hadithi yote kabla ya siku ya kwanza, wajue mtoto wao anawekwa upande gani. Asifanywe shahidi wa uongo juu ya watu wake, kama ilivyofanywa Kenya.

Haya hayahitaji fedha za Serikali wala mtaalamu kutoka nje. Yanahitaji watu walioamka. Vyama vya wafanyakazi navyo visingoje mchezaji afike miaka 18 ndipo vimjue. Na Bodi ya Filamu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1976, inapokagua kama mchezo wafaa kutazamwa na mtoto, ikague pia kama ulifaa kuchezwa na mtoto.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Maneno hayo yana sharti ndani yake: kutuzwa ni juu ya wa kwao. Wageni waliopiga "Odongo" walichukua walichokitaka wakaenda zao, na kwa ada yao hatukutazamia zaidi. Lakini michezo ya leo hutengenezwa na sisi wenyewe, kwa Kiswahili chetu, katika miji na vijiji vyetu. Mtoto akicheza humo, yu kwao. Tukishindwa kumtuza hapo, hatutakuwa na mkoloni wa kumlaumu.